Vyuma Viwili vya Beni

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana nikiuficha jirani zangu watauleta, tena kwa sauti. Nilichagua vyuma vya kunyanyua kwa macho. Mizani ilikuwa hatua kumi kutoka nilipochuchumaa, mizani kubwa ya kupimia magunia ya kahawa, na mwenye yadi aliniambia mara mbili nivipime. Nikakataa. Nilivisimamisha vyuma viwili uso kwa uso, kama mama anavyolinganisha sahani sokoni, nikaona duara la kimoja halizidi la kingine hata kwa unene wa ukucha. Nikasema basi, hawa ni mapacha.

Mimi ni mtu wa nyumba. Wengine wanazaliwa na miguu ya safari, mimi nilizaliwa na kiti. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio barazani kwangu, pale Bulengera, mjini Butembo, na wakati wa vita kazi hiyo haikukosa watu. Kila mtu alitaka kusikia ni nani amechukua mji gani, hata kama mji wenyewe ni huo aliokaa ndani yake. Bisibisi yangu ilikuwa nyembamba kama njiti ya kiberiti. Mzigo mzito kuliko yote niliyowahi kubeba ulikuwa betri ya gari, na siku ile nilipumzika mara mbili kati ya mlango na meza.

Mtu wa namna hiyo alihitaji nini na vyuma? Alihitaji bega.

Miaka ile pikipiki zilikuwa zinalala chini ya vitanda, maana moja ikionekana barabarani askari anaichukua, na mwenyewe anafuata nyuma akiwa amebeba masanduku ya risasi. Donc, basi, mgonjwa alibebwa kwa kipoyi: kitanda kilichofungwa juu ya miti miwili mirefu ya mkaratusi, watu wanne, kila mtu na ncha yake begani. Katika kartie yetu, mtaa wetu, kila nyumba ilitoa bega moja. Wabebaji walipokezana njiani, lakini akibebwa mke wa mtu, mume hapokezani. Anashika ncha ya mbele tangu mlangoni kwake mpaka mlango wa hospitali. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakuna aliyehitaji kuisoma.

Siku moja tulimbeba mzee wa nyumba ya tatu, aliyekuwa na homa. Nilifika nayo ncha yangu mpaka kwenye daraja la miti, nusu ya njia, kisha mti ukateleza kutoka begani kwangu kama samaki. Muzee mmoja mwenye kichwa cheupe, mwenye wajukuu, aliingia chini ya mti mahali pangu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Mtoto wetu wa kwanza hatukumwona akiwa hai, kwa sababu tulichelewa kufika. Wiki ile ya daraja, mkunga alimpapasa tumbo akasema huyu wa pili amelala kingamo, kichwa ubavuni na miguu ubavuni, na kama hatageuka, uchungu ukianza tu, mama afikishwe hospitalini upesi ili apasuliwe. Mke wangu alinieleza hayo akiwa anachambua maharagwe. Alimaliza, akaniangalia mabega. Aliangalia moja, akaangalia la pili, akarudi kwa maharagwe yake.

Ndivyo nilivyojikuta juu ya kamio, lori la mizigo, la kwenda Beni.

Beni alikuwepo mzee mmoja Mwislamu, msafirishaji, ambaye redio yake kubwa niliirudishia sauti baada ya mafundi wawili kuizika. Alinitumia salamu: fundi aje, achague anachotaka katika vyuma vyangu. Yadi yake ilikuwa upande wa kwenda Mavivi, unasikia ndege zinashuka uwanjani. Makamio yake hayakutembea tena. Moja lilichukuliwa na wenye bunduki wa kwanza, la pili na wenye bunduki wa pili, na yaliyobaki aliyavunja mwenyewe vipande vipande ili yasimtamanishe mtu wa tatu.

Nilipoingia nilivua kofia. Sikupanga kuvua, mkono ulikwenda wenyewe, kama kanisani. Sikuwa nimewahi kuona chuma kingi namna ile kimekaa kimya. Kulikuwa na ekseli ndefu kama watu waliolala, springi zilizopangwa kama vitabu, gia zenye meno ya kutafuna mlima. Vyuma hivyo vilipanda na chumvi vikashuka na kahawa miaka ishirini, katika matope ambayo mimi hata kwa miguu mitupu siyawezi. Niligusa gia moja kwa kidole. Ilikuwa ya baridi saa sita ya mchana, na niliona aibu, kama mtu aliyemgusa mkubwa bila kumsalimu.

Sasa, kuchagua vyuma vya mazoezi si jambo la kuokota. Unataka vya duara, vyenye tundu katikati ili mti upite, visiwe na ncha ya kukukata mguu siku utakapoviangusha, na siku hiyo itakuja. Unataka viwili vinavyofanana. Nilizunguka karibu saa nzima. Tambura za breki, ngoma zile za magurudumu, nilizikataa, zina kina kama sufuria. Mwishoni nilikipata kimoja: gia kubwa ya nyuma ya kamio, nzima, imejaa mpaka ndani. Halafu nikapata mwenzake chini ya bati: pulei, lile gurudumu la kupitishia mkanda, la mashine ya kukoboa kahawa. Uso kwa uso, duara moja. Kweli, pulei ilikuwa na uwazi mgongoni, kama bakuli. Niliuona uwazi huo kwa macho yangu haya mawili. Nikafikiri ni urembo.

Mzee akaniambia kwa mara ya pili, "Fundi, chuma hapana redio. Pima kwanza."

Nitasema ukweli kwa nini sikupima. Karibu na mizani walikaa wapakizi sita, mabega kama milango, hawana kazi kwa sababu ya vita, wanasubiri kitu cha kutazama. Kupima maana yake nibebe chuma kimoja hatua kumi mbele yao, nirudi, nibebe cha pili hatua kumi. Nilijua kwenye hatua ya sita kungetokea nini. Nikamjibu mzee kwamba jicho la fundi ni mizani. Alinitazama kidogo, akawaambia wapakizi wanipandishie vyuma juu ya kamio. Mmoja wao alivibeba vyote viwili, kimoja kila mkono, na nikamwona anatembea upande upande kama bata. Nikasema moyoni, masikini, ana mguu mbaya.

Kwenye kizuizi cha askari tulishushwa wote. Askari kijana aligusa vyuma kwa kiatu chake akauliza kwa Kilingala ni nini. Nikamwambia ni vya mazoezi ya mwili. Alinikagua kuanzia shingo mpaka magoti, polepole, kwa namna wanavyomkagua mtu wanayetaka kumbebesha masanduku, kisha akanionyesha kwa kidevu nipande tena. Wanaume wawili wenye vifua vipana walibaki pale. Sikuwaona tena. Nilirudi juu ya mzigo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikashukuru mabega niliyopewa, wakati nimekaa juu ya vyuma nilivyovifuata ili niyabadilishe.

Tulipita Kalunguta, na mbele kidogo kamio likafa. Dereva alifungua boneti, akafunga, akakaa chini. Kila mtu akachukua chake na kuanza kutembea kwenda Butembo. Mimi nilichukua changu nikatembea mpaka mti wa kwanza.

Hapo ndipo aliponikuta mama jirani. Parseli yake, yaani kiwanja cha nyumba, iko chini ya yangu, mabati yake yako usawa wa miguu yangu. Yeye ni mjane, na kazi yake ilikuwa kwenda Kalunguta kununua mihogo na kuipandisha mpaka soko la Bulengera kwa kichwa chake. Si juu ya kichwa. Sisi milimani tunabebea mgongoni, na mkanda wa mzigo unapita juu ya paji la uso. Paji lake lilikuwa na mfereji, kama alama ya kofia ambayo haivuliki. Siku ile alikuwa na gunia limejaa, limepita mabega yake.

Aliniangalia, akaangalia vyuma, hakuuliza ni vya nini. Akageuka, akapiga magoti kidogo, akasema, "Papa, weka kule juu."

Nikamwambia haiwezekani.

"Weka. Giza itatukuta huku."

Nikaweka gia, kisha pulei, nikizikumbatia kama mtu anayenyanyua ng'ombe. Akasimama. Sikusikia hata pumzi. Akarudisha shingo nyuma kidogo, akaitikisa, kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali. Halafu akasema, "Ya kuume iko muzito sana kupita ya kushoto."

Nikacheka. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu aliyesoma sekondari, kwamba vyuma viwili vyenye duara moja vina uzito mmoja. Hakubishana. Alinyoosha mkono, akavuta gia ikae katikati, pulei ukingoni, akaanza kutembea. Nilitembea kando yake mikono mitupu mpaka Butembo, saa nne nzima, na tulipopanda milima ni mimi niliyeomba tupumzike. Niliitazama shingo yake njia nzima. Mishipa miwili, kila upande mmoja, ilikuwa imesimama kama kamba za kengele, na katikati yake msalaba mdogo wa rozari ulikuwa unaruka ruka kwa jasho. Niliwaza kwamba mimi niko na umri wa miaka thelathini na moja, nimeishi juu ya nyumba ya mama huyu miaka sita, na sikuwahi kumwangalia.

Nyumbani nilikata mti wa mkaratusi wa unene wa kiganja, nikavisha gia upande wa kuume na pulei upande wa kushoto, nikafunga kwa vipande vya mpira wa tairi, nikapigilia misumari ili visitoke. Vilipendeza sana. Nilivipaka oili chafu ya mashine, vikang'aa kama viatu vya Pasaka. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha makaa ya kulehemia redio, nilisimama kiwanjani na kunyanyua mpaka kifuani, kisha mpaka juu ya kichwa. Nilitazama barabara, ili wapitaji waone, na mgongo nilimpa mke wangu, ili nisimwone anavyocheka.

Mti uliinama kuume. Siku ya kwanza, ya pili, kila siku. Mtu mwingine angeshuku vyuma. Mimi nilishuku Butembo. Nani asiyejua kwamba kwetu hakuna kiwanja kilicho sawa? Ukiweka chungwa mlangoni kwangu linakwenda lenyewe kwa mama jirani. Parseli yangu inateremkia upande wa kuume, donc mti unateremkia upande wa kuume, hesabu imekwisha. Nikaweka tofali chini ya mguu wa kuume. Mti ukainama bado. Nikaongeza tofali la pili. Nikasogeza mikono yote karibu na gia, na bega la kuume likaubeba ulimwengu, wakati la kushoto linasindikiza tu kama mgeni. Baada ya miezi mitatu shati langu lilikuwa linabana upande mmoja na upande wa pili linapepea.

Mke wangu alitoka jikoni siku moja akiwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili. Akasimama mbele yangu, mimi niko juu ya matofali yangu.

"Mutoto analala kingamo," akasema, "na baba yake anasimama kingamo. Mimi peke yangu ndjo niko sawa mu hii nyumba."

Nilitaka kucheka, mais yeye alisema neno "kingamo" mara mbili, na kila mara sauti ilishuka kidogo. Mkunga alikuwa amempapasa tena siku ile. Mtoto hakuwa amegeuka.

Uchungu ulianza saa tano ya asubuhi, siku ambayo tuliamka na mlio wa risasi upande wa barabara ya Beni. Mvua ilikuwa imepita. Barabara ilikuwa wazi, hakuna pikipiki, hakuna mbwa. Nilifikiri hakuna atakayetoka. Nilipogonga, milango mitatu ikafunguka: muzee wa kichwa cheupe, mwalimu wa nyumba ya mbele, na seremala. Hawakuuliza kama kuna hatari. Muzee aliuliza tu kama kamba za kipoyi ni kavu.

Nilishika ncha ya mbele ya kuume. Tukanyanyua, na hapa niseme jambo ambalo mpaka leo linanishangaza: mti ulikaa. Ulikaa juu ya bega langu kama ndege anayejua tawi lake. Nilipanda mlima wa kwanza nikisikia uzito wa watu wawili, mke wangu na yule aliyelala kingamo ndani yake, na uzito huo haukunishinda. Kila hatua niliuhisi unahema. Nilikuwa nimeinua vyuma miezi mitatu, lakini chuma hakihemi. Sikujua kwamba mzigo unaweza kuwa wa joto. Nilikaribia kuimba.

Baada ya daraja la miti njia inakata ubavu wa mlima na kulalia upande mwingine. Hapo wabebaji wote wanapita chini ya mti na kubadilisha bega. Muzee akaita, "Bega." Tukapita. Mti ukatua juu ya bega langu la kushoto.

Lile bega halikujua chochote. Lilikuwa halijafundishwa. Lilishuka kama mkate uliotiwa katika chai, goti likafuata, na kipoyi kikainama mbele. Nyuma yangu seremala alipiga kelele ya kunionya. Mke wangu alishika mti kwa mikono yote miwili, karibu na sikio langu. Hakulia. Alisema polepole kabisa, "Usiniangushe."

Nilisimama na mti juu ya viganja, siwezi kwenda mbele, siwezi kuweka chini kwa sababu chini ni matope na mteremko. Yule muzee alikuwa ncha ya nyuma, hakuweza kuja. Nilijua sasa kwamba gia ni gia na pulei ni pulei. Nilijua pia ni nani aliyeniambia.

Naye alikuwa anakuja. Usinishangae, njia ya Kalunguta inakutana na ya hospitali pale pale, na yeye alipita hapo kila baada ya siku mbili, risasi au hakuna risasi. Alishusha gunia lake pembeni, juu ya jiwe, katika mwaka wa wizi, ambao ukigeuza shingo hata kuku wako anabadili dini. Akavua mkanda wake kutoka gunia, akauzungusha kwenye ncha ya mti wangu, akageuka, akauweka kwenye ule mfereji wa paji la uso, mti ukalala juu ya mgongo wake. Akasema, "Tuende."

Hakuniambia nitoke. Alijua mume hapokezani. Nilibaki hapo hapo, kando yake, mikono yangu chini ya mti, watu wote waone kwamba mume yupo. Lakini mimi nilijua mti ulikuwa wapi. Alitembea akiangalia chini, hatua fupi fupi, na mishipa yake miwili ikasimama kama siku ile, na kipoyi hakikutikisika tena mpaka lango la hospitali. Hapo alijitoa katika mkanda kabla watu wa hospitali hawajatuona, akaniachia ncha niiingize mimi. Niliingiza kwa bega la kuume.

Walimpasua mke wangu saa nane. Ni msichana. Alilia kwa hasira, kama redio iliyopata stesheni baada ya kutafutwa sana, na mimi nilikaa chini ya dirisha, juu ya udongo. Mama jirani alikuwa ameshaondoka. Alirudi kutafuta gunia lake, na alilikuta juu ya jiwe lile lile. Watu walikuwa wamepita hapo, watu wenye njaa, na hakuna aliyeligusa. Miaka mingi imepita na bado sijui niweke wapi jambo hilo kichwani mwangu.

Mke wangu aliporudi nyumbani nilitoa misumari, nikapeleka vyuma kwa mizani ya depo ya kahawa ya Bulengera, kwa mkokoteni. Gia ilikuwa karibu mara mbili ya pulei. Mpimaji aliniuliza kama nataka kuuza. Nikasema hapana, nilitaka kujua tu.

Jumapili, baada ya misa, mama jirani alikuja kumwona mtoto. Alimchukua, akarudisha shingo nyuma kidogo, akamtikisa kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu kwa mbali, akataja kilo zake. Mke wangu akatoa karatasi ya hospitali. Ilikuwa hivyo hivyo. Nilisimama pale kama nilivyosimama katika yadi ya Beni, kofia mkononi.

Alimrudisha mtoto kwa mama yake. Vyuma vilikuwa vimeegemea ukuta. Akainama, akashika kimoja kila mkono, akasimama navyo muda mfupi, akaviweka chini. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya shukrani, mazuri, nilikuwa nimeyafikiria wiki nzima. Hakuningoja.

"Papa," akasema, "hii ya muzito nipatie, nitafinyia nayo mihogo, maji itoke. Ile ya mwepesi bakia nayo, ndjo kipimo yako."